Kupiga Picha Galaksi ya Msokoto kwa Darubini: Mwongozo Kamili

Ukiitazama galaksi ya M51 kwa jicho kupitia darubini ya wastani, utaona vidoa viwili vya ukungu vilivyokaribiana, basi. Msokoto wa mikono yake, yaani mikanda ya nyota inayojipinda kuzunguka kiini, ulijulikana mwaka 1845, pale Lord Rosse wa Ireland alipouchora akitumia darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 183, kubwa kuliko zote za wakati huo. Leo kamera iliyofungwa kwenye darubini ya sentimita 15 huonyesha mikono hiyo kwa uwazi kuliko alivyoiona yeye, kwa sababu kamera hukusanya nuru kwa saa nyingi na jicho haliwezi.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, kuna jambo moja la kuelewa, maana ndilo linaloamua kila hatua inayofuata. Mikono ya nje ya galaksi ni hafifu kuliko anga lenyewe. Hata penye giza totoro anga la usiku lina mng'ao wake. Katika kipimo cha wanaastronomia, ambacho namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi, anga safi kabisa huwa karibu na 22 kwa kila sekunde ya tao ya mraba (digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao), na mikono ya nje ya galaksi nyingi huangukia 24 hivi. Tofauti hiyo ya 2 maana yake anga linang'aa zaidi ya mara 6 kuliko kitu unachokitafuta. Katikati ya mji mkubwa, ambako anga hufika 18, mng'ao huo huongezeka mara 40 tena. Kazi yako, basi, ni kutenganisha nuru kidogo mno na nuru nyingi iliyoifunika. Kipenyo kikubwa husaidia, kamera nzuri husaidia, lakini kinachobeba mzigo ni saa nyingi za kukusanya nuru, pamoja na uangalifu wa kutoharibu kile kidogo kilichopatikana.

Kuchagua galaksi

Usiku mmoja, galaksi moja. Anga likiwa safi kishawishi cha kurukia galaksi tano huwa kikubwa, lakini saa tano zilizogawanywa hivyo hutoa picha tano zenye chenga, ilhali saa hizohizo juu ya galaksi moja hutoa picha moja yenye mikono.

Angalia kwanza itapanda kiasi gani angani kwako. Chukua 90, ondoa tofauti kati ya latitudo yako na latitudo ya galaksi angani, ile ambayo ramani za nyota huiita deklinesheni. M51 ina deklinesheni ya +47. Aliye kwenye ikweta ataiona ikifika digrii 43 juu ya upeo. Aliye latitudo 50 kaskazini itampita karibu utosini. Aliye latitudo 35 kusini haitamfaa kabisa, kwa kuwa haivuki digrii 8. M83 ni kinyume chake: ina −30, hivyo wa kusini huipata utosini, wa ikweta huipata kwenye digrii 60, na wa latitudo 50 kaskazini huambulia digrii 10. Galaksi ikiwa digrii 30 juu ya upeo, nuru yake hupita kwenye hewa mara mbili ya ile iliyopo utosini, na chini ya hapo hali huharibika haraka. Mimi husimamisha kazi galaksi ikishuka chini ya 30.

Cha pili ni ukubwa wake angani. M31, yaani Andromeda, ina urefu unaozidi digrii 3, mara sita ya upana wa Mwezi mpevu, kwa hiyo darubini ndefu itakata vipande vyake. M33 ina dakika 70 za tao kwa 40. NGC 253 ina 27, M83 ina 13, M51 ina 11.

Kuna mtego hapa ambao huwakatisha tamaa wengi: orodha za galaksi hutaja mwangaza wa jumla. M101 hutajwa kuwa na mwangaza wa 7.9, na M51 8.4, kwa hiyo mtu hudhani M101 ni rahisi zaidi. Nuru ya M101 imetandazwa kwenye duara lenye upana wa dakika 29 za tao, karibu sawa na Mwezi mpevu, na kila kipande chake ni hafifu mno. M51 imekusanyika. Anayeanza na aanze na M51 akiwa kaskazini au karibu na ikweta, na NGC 253 au M83 akiwa kusini. Andromeda ni rahisi kuipata, lakini imelala ubavu, na mikono yake huonekana zaidi kama michirizi ya vumbi kuliko kama msokoto.

Kwa saa za jioni, M51, M101 na M83 hukaa vizuri kuanzia Aprili hadi Juni. NGC 253, M31 na M33 kuanzia Oktoba hadi Desemba. Panga kazi katika siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, Mwezi unapokuwa haupo angani usiku. Galaksi hung'aa kwa rangi zote, kwa hiyo hakuna kichujio kitakachokuokoa na mbalamwezi.

Vifaa, na maunti kwanza

Kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye darubini, punguza kwenye kamera, usipunguze kwenye maunti, yaani kile kitako chenye mota kinachobeba darubini na kuizungusha. Anga huzunguka kwa sekunde 15 za tao kila sekunde moja. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi nuru inapokutana) wa milimita 1,000, nyota husogea pikseli zipatazo 19 za mikroni 3.76 kwa sekunde kama hakuna kinachoifuata. Maunti lazima ifute mwendo huo wote kwa usahihi wa chini ya pikseli moja, dakika baada ya dakika. Inayofaa ni maunti ya ikweta, yenye mhimili mmoja ulioelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo anga huonekana kuizunguka. Ile inayopanda na kushuka na kuzunguka kushoto na kulia pia hufuata nyota, ila sura ya anga huzunguka polepole ndani ya fremu, na nyota za pembeni huchora vipande vya duara. Usiipakie maunti zaidi ya theluthi mbili za uzito ambao mtengenezaji anasema inabeba. Nusu ni bora zaidi.

Kwa darubini, kipenyo cha milimita 80 hadi 200 kinatosha. Ugawanye urefu wa fokasi kwa kipenyo: darubini yenye uwiano wa 5 hujaza kila pikseli kwa nuru mara 2.5 zaidi ya yenye uwiano wa 8 kwa kamera ileile. Ya vioo vya Newton hutoa kipenyo kikubwa kwa gharama ndogo kuliko aina nyingine, lakini itahitaji lenzi ya kusahihisha kingo, la sivyo nyota za pembeni zitaota mikia. Ya lenzi haina mambo mengi, nayo huvumilia zaidi mikono ya mgeni.

Sasa linganisha kamera na darubini, hatua ambayo wengi huiruka. Gawanya ukubwa wa pikseli kwa mikroni na urefu wa fokasi kwa milimita, kisha zidisha kwa 206.265, jibu ni sekunde za tao zinazofunikwa na pikseli moja. Pikseli za mikroni 3.76 kwenye fokasi ya 1,000 hutoa 0.78, na M51 itachukua pikseli zipatazo 850 kwa urefu. Kwenye fokasi ya 500 utapata 1.55, na M51 itashuka hadi 425. Usidhani kwamba namba ndogo ndiyo bora daima. Hewa inayotikisika hutandaza kila nyota hadi sekunde 2 au 4 za tao katika usiku wa kawaida, kwa hiyo chini ya 0.7 unakuza ukungu tu, huku kila pikseli ikipata nuru kidogo zaidi. Kati ya 1 na 1.5 ndipo penye raha kwa galaksi nyingi.

Kamera yoyote inayobadilishwa lenzi na inayotoa picha mbichi inafaa kuanzia. Kamera za astronomia zenye kipozeo ni bora kwa sababu kihisio kikiwa na joto huzalisha ishara ya uongo, nayo hupungua kwa takribani nusu kila joto likishuka nyuzi 6. Ukiishikilia kwenye −10, mambo hutulia. Kamera ya rangi hurahisisha kazi. Ile ya nyeusi na nyeupe yenye vichujio hutoa zaidi kwa saa zilezile, lakini huongeza hatua, na sioni haja yake mwaka wa kwanza.

Utahitaji pia darubini ndogo ya kuongozea na kamera yake, kompyuta, umeme wa kutosha usiku kucha, na mkanda wa joto wa kuzuia umande kwenye lenzi. Kuhusu vichujio vya kuzuia mwanga wa taa, weka fedha yako mfukoni. Vinasaidia kwa nebula, yaani mawingu ya gesi angani, ambazo hutoa nuru ya rangi chache maalumu. Nuru ya galaksi ni nuru ya nyota, imeenea kwenye rangi zote, na kichujio kinachokata taa kitakata galaksi pia. Safari ya kwenda penye giza hufanya zaidi ya kichujio chochote: chini ya anga lililo hafifu mara 40, utafikia ubora uleule kwa muda mfupi mara 40.

Kabla jua halijazama

Simamisha tripodi kwenye udongo mgumu au sakafu isiyotikisika, uiweke sawa kwa pimamaji. Funga kila kitu utakachokitumia, ikiwemo kamera na mikanda ya joto, ndipo usawazishe uzito kwenye mihimili yote miwili. Wengi huacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo ili meno ya gia yabaki yamegusana. Nyaya zifungwe pamoja na zipewe nafasi ya kuzunguka. Waya mmoja unaovuta utaharibu saa nzima ya kazi bila wewe kujua. Darubini ya vioo ilinganishwe vioo vyake, na iachwe nje walau saa moja ilingane na joto la hewa.

Kulenga ncha ya anga

Mhimili wa maunti lazima ulenge ncha ya anga, kaskazini au kusini. Kaskazini kuna Polaris karibu na ncha. Kusini kuna Sigma Octantis, yenye mwangaza wa 5.4 tu, ngumu kuiona bila darubini ya nchani, ile ndogo inayotazama kupitia mhimili wa maunti. Ukiwa karibu na ikweta ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, na hakuna nyota ya kukusaidia. Huko angalia mambo mawili kabla ya kununua maunti: kama mhimili wake unaweza kushushwa hadi latitudo yako, maana nyingi hukwama kabla ya kufika, na kama fimbo ya uzito haitagonga mguu wa tripodi.

Njia isiyohitaji kuona ncha ni kuacha programu ipige picha tatu za anga huku maunti ikizunguka kwenye mhimili mmoja. Programu hutambua nyota, hukokotoa mhimili unalenga wapi, kisha hukuambia ugeuze skrubu ipi na kwa kiasi gani. N.I.N.A., ambayo ni ya bure, ina nyongeza inayofanya hivyo. Njia ya zamani nayo haijapoteza thamani. Lenga nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, juu kabisa kwenye mstari wa kaskazini na kusini, uone inahamia wapi bila kuongozwa. Uhamaji wake hukuambia kosa la kulia na kushoto. Kisha fanya hivyo kwa nyota iliyo chini mashariki, urekebishe juu na chini. PHD2, programu ya kuiongoza maunti, ina zana ya kukuonyesha uhamaji huo kwa mchoro. Ukifikia kosa la dakika 2 za tao au pungufu, endelea na kazi.

Fokasi

Weka kifuniko cha Bahtinov mbele ya darubini, ile sahani yenye mipasuo ya mistari, ulenge nyota angavu. Utaona msalaba wa miali miwili na mwali wa tatu unaopita katikati. Zungusha fokasi mpaka mwali wa tatu uwe katikati kamili. Toa kifuniko. Rudia kila saa, na kila joto la hewa linaposhuka kwa nyuzi 2 au 3, kwa sababu bomba la darubini hunywea. Galaksi haina nukta kali ya kukuonya kwamba fokasi imeteleza. Utagundua kesho yake, mikono ikiwa imelainika na vumbi limefutika.

Kuipata na kuipanga kwenye fremu

Usihangaike kutafuta kwa jicho. Iamuru maunti iende kwenye galaksi, piga picha ya sekunde 5, uache programu kama ASTAP isome mpangilio wa nyota na kuihamisha darubini mpaka shabaha ikae katikati. Kisha zungusha kamera upate mkao unaopendeza. M51 na mwenzake NGC 5195 hupendeza zikiwa na nafasi pande zote, kwa sababu kuna vitambaa vya nyota vilivyovutwa nje na mvutano wa galaksi hizo mbili, navyo huonekana ukikusanya saa za kutosha. Andika pembe ya kamera. Utaihitaji usiku utakaporudi kuongeza nuru kwenye picha hiyohiyo.

Kuongoza na kusogeza

Kamera ya kuongozea hutazama nyota moja au nyingi kila sekunde 1 hadi 3, na PHD2 huisahihisha maunti zinapoteleza. Ipime kwanza PHD2 jinsi maunti inavyoitikia amri zake, ukielekea karibu na ikweta ya anga, ndipo urudi kwenye galaksi. Namba ya kutazama ni wastani wa kosa la jumla kwa sekunde za tao: iwe chini ya ukubwa wa pikseli yako moja. Kama pikseli ni 1.2 na kosa ni 0.7, usiguse kitu. Grafu yenye mawimbi humshawishi mtu abadilishe mipangilio kila dakika, naye akazidi kuivuruga. Usiku hewa ikitikisika sana, refusha muda wa kila sahihisho ili maunti isifukuze mitikisiko ya hewa.

Iamuru pia programu isogeze darubini pikseli chache, kwa mwelekeo wa kubahatisha, kila baada ya picha moja hadi tatu. Hatua hii ni ndogo na faida yake ni kubwa. Kila kihisio kina pikseli mbovu na mifumo ya mistari hafifu isiyohama. Nyota zikihama na mifumo hiyo ikibaki palepale, hesabu za baadaye zitaifuta. Zisipohama, itajichora kama michirizi ya mvua juu ya mikono uliyoihangaikia.

Muda wa kila picha

Swali la sekunde ngapi huulizwa kuliko lolote, na jibu linategemea anga. Kamera huongeza makosa madogo ya usomaji kila inapohifadhi picha. Unataka kila picha iwe ndefu kiasi kwamba chenga zitokanazo na mng'ao wa anga zizidi makosa hayo kwa mbali. Ukishafika hapo, kurefusha zaidi hakuongezi kitu, ila huunguza nyota na kiini cha galaksi. Kwenye kamera ya kawaida weka ISO 800 au 1600 na utazame histogramu, ile grafu ya mwangaza wa pikseli kutoka giza kushoto hadi nuru kulia: kilele chake kiwe kimejitenga na ukuta wa kushoto, karibu na robo ya upana wote. Mjini utafika hapo kwa sekunde 30 hadi 60, penye giza kwa 120 hadi 300. Kagua picha moja kwa kuikuza: kiini cha galaksi kisiwe kimejaa hadi kupoteza umbo.

Kinachotawala ubora ni jumla ya saa. Uwiano wa ishara na chenga hukua kwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo: ili ubora uwe mara mbili, muda uwe mara nne. Kutoka saa 1 kwenda 4 utaona mabadiliko makubwa, kutoka 4 kwenda 16 makubwa tena. Penye giza, saa 4 za M51 hutoa picha ya kujivunia. Mjini lenga 15 na kuendelea, ukizikusanya kwa usiku kadhaa. Mtu akiniuliza anunue nini ili picha zake ziwe bora, humjibu kwa kumuuliza picha yake ya mwisho ilikuwa na saa ngapi.

Galaksi ikivuka mstari wa kaskazini na kusini, maunti nyingi hulazimika kugeuka upande wa pili. Programu hufanya hivyo yenyewe. Uwe macho mara ya kwanza uone nyaya hazivutwi.

Picha za kusahihisha

Hizi hazina uzuri wowote, na bila hizo mikono hafifu haitoki. Picha za giza hupigwa darubini ikiwa imefunikwa, kwa muda, joto na ISO zilezile, zipatazo 30. Huondoa ishara ya uongo ya kihisio. Picha za usawa ndizo muhimu zaidi kwa galaksi. Darubini hutia giza pembe za fremu, na kila punje ya vumbi huacha duara la kivuli. Kasoro hizo mara nyingi huizidi kwa mbali nuru hafifu ya mikono ya nje. Lenga paneli yenye mwanga sawasawa, au funika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe kisicho na mkunjo ulenge anga la alfajiri, mbali kabisa na upande linakochomoza jua. Kilele cha histogramu kiwe karibu na nusu. Piga 30, bila kugusa fokasi wala kuzungusha kamera tangu picha za galaksi zipigwe. Kisha picha za giza za muda uleule wa zile za usawa, ili nazo zisahihishwe.

Kurundika

Programu ya Siril hufanya yote, bila malipo, kwenye mifumo yote mikuu ya kompyuta. Huzisahihisha picha zako, huzilinganisha nyota kwa nyota, kisha huzirundika kuwa moja. Kabla ya kurundika, tupa zile zenye nyota zilizovutika, zilizopitiwa na mawingu, au zenye nyota nene kuliko nyingine. Usiwe mkali kupita kiasi: kutupa nusu ya picha ni kutupa nusu ya nuru. Picha yenye mchirizi wa setilaiti ibaki, kwa kuwa hesabu za kukataa thamani zilizopotoka zitaufuta mchirizi huo zikiilinganisha na wenzake. Mbinu hii hufanya kazi vizuri picha zikizidi 20.

Kuchakata, bila kuharibu

Picha iliyorundikwa itaonekana nyeusi tupu, na hilo ni sahihi: nuru yote imebanwa kwenye sehemu ndogo ya kushoto ya histogramu. Washa mwonekano wa kujinyoosha ili uone kilichomo bila kubadilisha data yenyewe.

Kata kingo ambako picha hazikuingiliana. Kisha ondoa mteremko wa mwanga unaotokana na taa za mbali na Mwezi. Hapa ndipo galaksi nyingi hupoteza mikono yao. Programu huweka alama kwenye sehemu inazodhani ni anga tupu, na alama ikiangukia kwenye mkono hafifu, mkono huo utahesabiwa kuwa uchafu na kuondolewa. Futa kwa mkono kila alama iliyo karibu na galaksi, uache nafasi pana kuliko unavyodhani galaksi inaishia. GraXpert, nayo ya bure, hufanya kazi hii vizuri, lakini itazame ile ramani ya mteremko iliyoondolewa: ukiona umbo la galaksi ndani yake, rudia.

Halafu rangi. Siril inaweza kulinganisha nyota zako na vipimo vya chombo cha anga cha Gaia, na kuweka mizani ya rangi kwa kipimo badala ya makisio. Ikiwa sahihi, kiini kitakuwa cha manjano, kwa sababu nyota zake ni za zamani; mikono itaelekea bluu, kutokana na nyota changa zenye joto kali; vidoa vya waridi kwenye mikono ni mawingu ya haidrojeni, yanayong'aa kwenye nanomita 656.3. Vumbi huwa kahawia. Kwenye M51, NGC 5195 iwe ya manjano kuliko mikono iliyo jirani yake. Ukiona kijani, ondoa.

Sasa nyoosha histogramu, kidogokidogo, kwa hatua nyingi badala ya moja kubwa. Mimi hupendelea kutenganisha nyota kwanza kwa programu ya StarNet, ili galaksi inyooshwe peke yake na nyota zisivimbe. Nyoosha mpaka mikono ya nje ianze kuonekana, huku ukikilinda kiini kwa kubana sehemu angavu. Anga usilifanye jeusi kabisa. Liache kwenye 20 hadi 30 kati ya 255. Anayesukuma weusi mpaka ukutani anaikata ile tofauti ndogo aliyokesha akiikusanya.

Punguza chenga kwa kiasi, zaidi kwenye anga na kidogo kwenye galaksi. Ongeza ukali pale tu penye nuru nyingi: kiini, mikono ya ndani, michirizi ya vumbi. Programu za akili bandia za kunoa picha zina nguvu kubwa, nazo zinaweza kuzusha nyuzi na mafundo ambayo hayapo. Linganisha matokeo yako na picha ya darubini ya Hubble ya galaksi hiyohiyo. Kama kwako kuna fundo na kwake hakuna, punguza mkono. Rudisha nyota, zikiwa zimepunguzwa kidogo, uongeze rangi taratibu, uhifadhi nakala kubwa ya biti 16 kando na ile ndogo ya kushirikisha watu.

Usifute data yako

Hifadhi picha mbichi za galaksi na zile za kusahihisha, kwa jina la galaksi na tarehe. Mwakani utaongeza saa nyingine juu ya hizo, na programu zitakuwa bora. Sababu nyingine ni supanova, yaani nyota zinazolipuka. M51 ilipata tatu zilizogunduliwa mwaka 1994, 2005 na 2011, na tarehe 19 Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani, mwanaastronomia asiye wa ajira, aliigundua SN 2023ixf kwenye mkono wa M101. Walioipiga picha M101 siku chache kabla ya tangazo walikuta wana data yenye thamani kwa watafiti bila kujua.

Kila ukirudi kwenye galaksi ileile, weka rundo jipya juu ya la zamani na ubadilishe kati ya hayo mawili kwa haraka. Ukiona nukta mpya, fungua picha mojamoja: ikisogea kati ya nyota ni asteroidi, ikikaa kwenye pikseli ileile ya kihisio huku nyota zikihama, ni pikseli mbovu, ikibaki palepale kati ya nyota kwenye picha zote, itafute kwenye orodha ya Transient Name Server, inayokusanya taarifa hizi kwa niaba ya Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Isipokuwepo, piga picha nyingine usiku unaofuata kuthibitisha, kisha tuma mahali pake angani, mwangaza uliokadiria, na saa ya picha kwa saa za ulimwengu.